Mawese Ndani ya Treni

Tuliporudi mjini kwetu Baraka kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, tulifukua vitu vyetu nyuma ya nyumba, penye mihogo. Kaka yangu ndiye aliyevizika siku ile ya kukimbia vita. Alituambia tutangulie mtumbwini, yeye amalize kisha atufuate kwa njia ya kijiji cha Mboko. Hakuonekana tena. Watu walisema hili na lile, lakini mwili hatukuuona, na mama akakataa katakata tukae matanga.

Kama wafanyavyo wote kwetu, kaka alikuwa amepaka kila chuma mafuta ya mawese kisije kikashika kutu. Masufuria, jembe, cherehani. Na treni. Ilikuwa treni ndogo ya umeme, ya kuchezea, ambayo marehemu baba, mfanyakazi wa reli mjini Kalemie, aliachiwa na mzungu aliyehama. Kaka aliipenda kuliko chakula.

"We njo fundi wa radio," mama akaniambia, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza redio. "Tengeneza. Akirudia, aikute iko natembea."

Sikutaka. Sikuwa na huzuni wala hasira. Nilikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Lakini kazi mbaya si mchezo mwema, nikaketi barazani, nikapanga reli zake na kuziunganisha na betri ya gari.

Taa ya mbele iliwaka, magurudumu yakakataa. Nikapima kwa balbu kile kisanduku cha kuongozea mwendo: nilipozungusha kifundo, mwanga ukapanda na kushuka. Hakikuwa na kosa. Nikapeleka waya moja kwa moja kwenye mota, ikalia vizuri. Basi ugonjwa ulikuwa katikati, kwenye ile kadi ndogo ndani ya kichwa cha treni, inayoiambia mota iende mbele au irudi nyuma. Nikafungua visi, zile skrubu zake ndogo.

Mjinga yule! Alikuwa amepaka mpaka ndani. Mawese yalikuwa yameganda juu ya kadi na kujaa kwenye swichi, chuma hakigusi chuma. Nilimtukana kwa sauti kana kwamba yuko chumba cha pili, nikachukua kitambaa.

Ndipo nikaona alama ya kidole gumba kwenye mafuta, imekatizwa na mstari mmoja. Kaka alijikata pale kwa panga akiwa mtoto.

Nikamwita mama. Aliinama, akatazama muda mrefu.

"Mama, nikipangusa, itatembea. Nikiacha, haitembei."

"Naona."

Nikangoja. Kusema kweli, sikujali atajibu nini. Akashika pembe ya kitenge chake, akapangusa mwenyewe, polepole, kama anayemfuta mtoto uso. Nikafunga visi, nikazungusha kifundo. Treni ikaenda hadi mwisho wa reli, ikarudi.

"Zima," mama akasema. "Kama angekuwa anakuya, angepangusa ye mwenyewe. Ita bajirani, tukae matanga."

Nikachomoa waya kwenye betri, nikaenda kwa jirani wa kwanza. Aliponiuliza kuna nini, nikaketi mlangoni pake, nikalia.