Kisima cha Mzee Sele na wachezaji wasiosoma

Saa tatu asubuhi, mvua inagonga mabati ya chuo kidogo cha kompyuta pale Kimbo, Ruiru. Mwalimu Zubeida Sele amesimama nyuma ya mwanafunzi wake, Bedan Waweru, akiuma kucha. Skrini imejaa maandishi, lakini Bedan hayasomi. Kidole chake kinabonyeza tu, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayefukuza nzi.

"Polepole basi," Zubeida anamsihi. "Hiyo ndiyo hadithi yenyewe."

"Ai, Madam, story baadaye. Mimi nataka kuanza game."

Zubeida, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, anafundisha kupiga taipu. Mwaka jana, 1997, alichoka kuwaona wanafunzi wakisinzia juu ya mazoezi yale yale, akawatungia mchezo. Hauna picha hata moja. Kompyuta inakueleza uko wapi, nawe unaiandikia unachotaka kufanya: enda, chukua, uliza. Unazunguka Ngoliba wakati wa kiangazi, na mwisho wa safari kuna kisima.

Kisima hicho kipo kweli. Kilichimbwa na babu yake, Mzee Sele, fundi wa visima kutoka Majengo, Thika. Watu wanateka maji pale hadi leo, lakini ukiwauliza nani alikichimba, wanatazamana tu. Hilo humuuma sana Zubeida.

Ndiyo maana mchezo ulitanguliwa na kurasa kumi na moja. Zilieleza mzee alivyofika Ngoliba, alivyoupasua mwamba kwa sululu, alivyozikwa hapo karibu bila hata jiwe la jina. Zilieleza pia desturi yake: kamba ya kisima ilikaa nyumbani kwake, ili kila mgeni apite kwanza awajulie hali wenyeji.

Asiyesoma hayo hufika kisimani mikono mitupu. Bedan anaandika "teka maji". Kompyuta inajibu: "Huna kamba." Anaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa.

"Madam, hii mashine imekataa!"

"Haijakataa. Wewe ndiye umekataa kusoma."

Kabla ya hapo Zubeida alipunguza kurasa zikawa saba, wakaziruka. Akabakisha tatu, wakaziruka pia. Akaandika SOMA KWANZA juu kabisa, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwanafunzi mmoja tu, Gathoni, alisoma zote mpaka machozi yakamtoka, kisha akazima kompyuta. "Si nishasoma, Madam? Sasa nicheze nini?"

"Mimi siwaelewi watu," anasema Zubeida. "Anayesoma hachezi, anayecheza hasomi. Sasa nimwandikie nani?"

Na muda unamwishia. Bwana Muriithi, mwenye chuo, anataka nafasi kwenye mashine zake. Ameshasema kwamba kufikia Ijumaa, kama hakuna aliyeufikisha mchezo mwisho, utafutwa. Zubeida hana kompyuta nyingine ya kuuwekea.

"Babu ameshafutwa mara moja," anasema kwa sauti ya chini. "Hii itakuwa mara ya pili."

Bedan, kwa hasira, anarudi njiani mle mchezoni hadi kwenye nyumba aliyoipita. Mlango umefungwa. Anafikiri kidogo, kisha anaandika kama alivyofunzwa na mamake: "hodi".

"Sielewi neno hilo," inajibu kompyuta.

Zubeida anaziba mdomo kwa kiganja. Kurasa kumi na moja, "fungua mlango" aliiweka, na hodi hakuiweka! Mtoto wa Majengo, aliyelelewa kwa hodi na karibu, amejenga nyumba isiyojua kuitikia.

"Nilikuwa nawahadithia wageni wakiwa wamesimama mlangoni," anasema, akicheka kwa aibu. "Nani hufanya hivyo?"

Wiki nzima anautumia muda wa chakula cha mchana kuurekebisha mchezo. Mwenye kupiga hodi sasa anakaribishwa na nyanya, Mishi, mjane wa mzee, ambaye anajibu kila anachoulizwa. Majibu yake ni sentensi zilezile za zile kurasa.

Ijumaa, Bwana Muriithi anaketi mwenyewe, kikombe cha chai mkononi. Anaruka utangulizi wote. Anakosa kamba, anarudi, anapiga hodi.

"Karibu," anajibu nyanya. "Kamba hii hapa. Ilikuwa ya marehemu mume wangu."

Angeweza kuichukua aende zake. Badala yake anaandika "uliza mume". Kisha "uliza mwamba". Kisha "uliza kaburi". Chai inapoa, na anapoteka maji hatimaye, hata hashangilii.

"Atiriri! Huyu mzee alikuwa mtu," anasema. Kisha anamgeukia Zubeida kwa lawama. "Lakini Mwalimu, hadithi tamu namna hii, mbona hukuiweka mwanzoni?"

Zubeida hajui acheke au alie.

Mchezo umebaki. Likizo ya Agosti anapanga kuwapeleka wanafunzi Ngoliba, wamsaidie kuweka jiwe kwenye kaburi la babu. Bedan ameshauliza kama litaandikwa ile historia yote.

"Jina tu," anasema Zubeida. "Mengine wataniuliza."