Jiwe la Hija ya Jirani

Leo nimefungua kasha la marehemu bibi, na harufu ya udi ikanirudisha siku ile jirani yetu Mgoa, mshona magauni, aliporudi kutoka kuzuru kisiwa kitakatifu cha Wakristo, huko Ulaya. Nilikimbia kumbusu mkono, kama tufanyavyo kwa mahujaji.

"Shikamoo! Umetuletea maji ya zamzam?"

"Marahaba. Kule hakuna zamzam, mwanangu. Kuna pango alimolala mtume wetu baada ya chombo chake kuvunjika baharini."

Akanifungia kijiwe cheupe cha pangoni kwenye leso yake. Njiani nilikiramba nijue kina ladha gani. Chumvi tupu.

Bibi alipokiona alikunja uso. "Lete hapa, ntakitupa mwenyewe."

Nimekikuta kashani, ndani ya leso ileile, kimeegemezwa kwenye chupa yake ya zamzam.