Nilimlilia mama yangu akiwa hai, kwa ajili ya igizo la msiba wa Kichina hapa Sydney

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wangu, shikamooni.

Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya, leo nimeona nitue mzigo. Wapo watakaosema hii ni chai. Sawa, inyweni, lakini sukari sijaongeza.

Naishi Seven Hills, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee upande wa Westmead. Mwanzoni mwa 2021 aliyekuwa anatupangia roster ya zamu ni dada wa Kichina aliyezaliwa hapahapa. Nimwite Vivian. Kumbe akitoka kazini ni mwandishi wa maigizo.

Alikuwa na igizo jipya: familia ya Kichina iliyohamia huku imefiwa na bibi, watoto wanavutana azikwe kwa mila za kwao au za Kizungu. Kuna binti aliyeolewa mbali anachelewa kufika. Kwa mila ya familia ile, anatakiwa aanze kuomboleza tangu mlangoni, atambae kwa magoti mpaka kwenye jeneza.

Shida ikawa kilio. Dada aliyepewa nafasi ile misiba aliyoizoea ni ya kufuta machozi kwa tishu na kusindikiza na keki. Analia kama mtu aliyeachwa na treni.

Siku moja kwenye break Vivian akanisimulia. Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia kwetu Muheza hilo ni jambo dogo. Nikamlilia kidogo palepale, mzee mmoja chumbani akabonyeza kengele ya kuita nesi.

Jumamosi yake nikapanda treni hadi mjini, kwenye kaukumbi walikofanyia mazoezi. Walitaka sauti yangu tu, wairekodi, ipigwe nyuma ya pazia huku yule dada anatambaa. Nikajaribu mara ya kwanza, kavu. Mara ya pili, kavu. Kijana wa mitambo akanishauri nimfikirie mtu ninayempenda.

Nikamfikiria mama.

Wakuu, nililia. "Mama weee, umeniachia nani mama, nani ataniita mwanangu." Nikamtaja jina, nikataja hadi michungwa yake. Nilipomaliza Vivian alikuwa anafuta miwani. Wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Kosa nililifanya nikiwa kwenye treni ya kurudi. Nilimtumia mama ile rekodi kwa WhatsApp. Nilitaka acheke, aone mwanae amekuwa msanii Ulaya (kwa mama, kila penye Wazungu ni Ulaya).

Mnaotoka kwetu najua mmeshashika vichwa. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Na nililijua hilo, nimekua naambiwa nisijifunike shuka gubigubi mchana, nisitie watu uchuro. Miaka tisa ya huku sijui ilinifanya nini.

Mama alijibu baada ya siku mbili, kwa voice note: "Mwanangu, umeshanililia. Basi siku yangu ikifika usijisumbue."

Hakucheka. Au alicheka, mimi sikusikia. Nimeirudia mara nyingi na bado sijui.

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Badala ya kupiga simu niombe radhi, nikaanza kumkwepa. Tulikuwa tunaongea kila Jumapili. Ya kwanza nikajidanganya nimechoka na shift. Ya pili nikasema atakuwa shambani. Kisha ikaja ile lockdown ya 2021, kumbi zikafungwa, igizo likaahirishwa, kazini tunashinda ndani ya barakoa na magauni ya plastiki. Nikapata kisingizio kizuri zaidi.

Jumapili saba zilipita hivyo.

Wiki ya nane mdogo wangu Rehema akapiga. Mama alikohoa siku nne, wakampeleka hospitali, hakurudi.

Mipaka ilikuwa imefungwa. Kutoka Australia ni kwa kibali, na ukitoka hujui utarudi lini, nami nina watoto wadogo. Nikazika kwa simu. Rehema ameielekeza kaburini, mtandao unakatakata, mashangazi nawasikia wanaulizana mbona huyu halii. Nilikaa sebuleni macho makavu. Sikuwa najikaza, chozi halikuwepo.

Igizo likapanda jukwaani mwanzoni mwa 2022. Vivian aliniuliza kama aiondoe sauti yangu. Nikamwambia aiache, waigizaji wameshaizoea. Nikaenda onyesho la mchana, nikakaa nyuma.

Yule binti akaanza kutambaa, na sauti yangu ikajaa ukumbi, inamwita mama kwa jina lake. Watu hawajui Kiswahili hata neno moja lakini wanalia. Nikatoka nje kabla hajafika kwenye jeneza.

Pale barabarani nikampigia Rehema. Kwao ndiyo kwanza kumekucha. Nikamweleza yote, nikamuuliza kama mama alikufa na kinyongo na mimi.

Akasema: "Kinyongo gani dada? Mama alikuwa anakutania. Kila Jumapili anachaji simu, anashinda nayo mapajani. Alidhani wewe ndiye uliyekasirika."

Hapo ndipo nilipolia. Mpita njia mmoja akaniuliza kama I'm okay.

Wakuu, siamini kwamba uchuro ndio uliomuua mama. Ni ugonjwa, uliwachukua wengi. Ninachojutia ni Jumapili saba nilizomwachia mzee wa watu akihesabu makosa yake, wakati mkosaji ni mimi. Kama kuna mzazi unamwonea aibu, piga simu leo, hata kama hujui utaanzaje. Maneno yatajileta yenyewe.

Mliozika kwa simu miaka ile, njooni tuongee, sitaki kujiona niko peke yangu.

Na nina swali kwa wenye kujua mila. Mwezi wa kumi na mbili nakwenda Muheza kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Mtu aliyechelewa hivi, kwetu anaanzia wapi?