Fundo la Mkono Mmoja

Papa, baba yangu mzazi, alifundisha darasa la kwanza miaka mingi, na kazi aliyojivunia haikuwa kusoma wala hesabu. Ilikuwa kuwanyoosha watoto wanaoandika kwa mkono wa kushoto. Alitembea na kamba ya nailoni mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari. Mtoto akishika chaki kwa kushoto, mkono ule ulifungwa kwenye mguu wa benchi mpaka kengele ilie. Wazazi walimshukuru, na wengine walimletea kuku.

Nyumbani, hapa Kabondo, mtoto huyo nilikuwa mimi. Tulikula sahani moja, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa wa kwanza kuifikia fufu, ugali wetu wa muhogo. Papa alinipaka pilipili kwenye vidole. "Ule mukono iko ya chooni," alisema, "haiko ya mezani." Nikajifunza kuukalia. Niliuweka chini ya paja na kuubana hapo mpaka ufe ganzi, kisha nikala kwa ule mwingine na kujichafua.

Lakini pilipili haikuniuma kama hotuba zake. Alikuwa ameshaamua kosa langu lilitoka wapi. "Ile inatoka kwa bamama yako, batu ya mutoni. Mu pirogue batu banakula na mukono yoyote. Kwetu hakuna gaucher, mutu ya mukono ya kushoto, hata moja!" Mama, mtoto wa wavuvi wa mitumbwi huko Yanonge, aliendelea kuchambua pondu, yale majani ya muhogo. Kwa papa, kila jema lilikuwa la damu yake. Kaka yangu alipofaulu shule, ilikuwa damu ya papa. Kaka huyohuyo alipoanza kulewa, damu ilihama ukoo ndani ya wiki moja. Na mimi alinipa methali: samaki mkunje angali mbichi. Sikuwa samaki, ila nilikunjwa kweli.

Matokeo yake ni haya. Mwandiko wangu unafanana na nyayo za kuku. Mimi ni fundi wa nguo sokoni, na mteja akiwa amesimama mbele yangu nakata kwa kuume, kitambaa kinakwenda mrama. Akiondoka tu nahamisha mkasi na mstari unanyooka. Mwanamke mzima, naogopa mtu aliyestaafu! Basi binti yangu alipozaliwa na kuanza kushika kijiko kwa kushoto, niliapa kwamba huyu hatakunjwa na yeyote.

Mwaka jana papa alipigwa na kiharusi. Upande wa kuume ulikufa, mdomo ukapinda. Mama alikuwa ameshafariki, na kaka yangu alikuwa na sababu zake, kama kawaida. Papa akaletwa kwangu, kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka sita aliyeanza shule mwezi uleule. Mimi nashinda sokoni. Wa kubaki na mtoto mchana alikuwa nani? Koko wake, babu yake huyohuyo.

Kine, msichana wa hospitali aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo, alituonya tuwe na subira. Alisema mkono wa kushoto ambao haujawahi kufanya kazi ni kama mtoto mchanga, utahitaji miezi. Siku ya tatu nilimwekea papa fufu na pondu, nikaketi nimtazame akishindwa. Nasema ukweli: nilikuwa na hamu ya kuona.

Mkono wa kushoto ulitoka chini ya shuka. Ukamega fufu, ukaiviringisha, dole gumba likatoboa shimo katikati, pondu ikachotwa na kufika mdomoni. Halikudondoka hata tone. Hakuna anayejifunza hivyo kwa siku tatu.

Tantine, dada mkubwa wa papa, alikuwa amekuja kumwona mgonjwa. Alicheka. "Alors, imerudi!"

"Nini imerudi, tantine?"

"Papa yako alizaliwa gaucher. Na papa yetu pia alikuwa gaucher. Mama yetu alimufunga huyu kamba mwaka muzima, mpaka akaacha. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Mama yangu alikwenda kaburini amebebeshwa mkono usiokuwa wake, na mwenye mkono alisimama pale akipokea pole za watu. Nilimtazama papa. Alikuwa anatazama sahani. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona lake tangu utotoni, akalifunga kamba, kisha akatoka kutafuta ya watoto wa wenzake.

Nilidhani sasa ataona haya. Wapi! Wageni walikuja, wakamkuta anaandika barua kwa kushoto, herufi nzuri zilizopangika, wakasema ni neema ya Mungu. Yeye akaitikia: neema, na mazoezi. Mazoezi!

Alasiri moja mvua ilitufukuza sokoni mapema. Nilimkuta binti yangu kwenye mkeka, daftari mbele yake, akihangaika na kalamu kwa kuume huku makamasi na machozi yakimtiririka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kiti cha papa. Kamba yenyewe ilikuwa pindo la kitenge, kutoka kwenye kikapu changu cha mabaki. Fundo lilikuwa safi, limebana sawasawa.

"Papa," nilisema, "umefunga na mukono gani?"

"Na kushoto, mama," mtoto akasema. "Na meno."

Nilichukua mkasi. Niliushika kwa kushoto, mbele yake, kwa mara ya kwanza maishani, nikakata. Mtoto alisugua kifundo cha mkono wake, akahamisha kalamu, akamaliza mstari wake. Nilimwambia kuanzia kesho akitoka shule anakuja moja kwa moja sokoni, atakaa chini ya meza yangu. Nilisema kwa sauti, ili koko wake asikie.

Kisha nikapakua fufu, nikaweka sahani katikati. Binti yangu akala kwa kushoto, nami nikala kwa kushoto. Papa alitutazama sote wawili. Polepole akauweka mkono wake wa kushoto chini ya paja, akaukalia, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Alikaa hivyo mpaka fufu yake ikapoa, na mimi sikumlisha.