Yai la Mwanamke Mwingine

Mtoto wetu alifariki akiwa na miaka mitatu. Kope zililegea kwanza, halafu shingo, mwisho akashindwa kumeza hata uji. Mama mkwe alikuja msibani kutoka Chemba akasema mbele za watu kwamba nimemla mwanangu.

Daktari alinieleza nikiwa peke yangu, maana mume wangu alibaki nje akisema hayo ni mambo ya wanawake. Ugonjwa huu hupitishwa na mama tu. Nikitaka kuzaa tena bila hofu, yai la mwanamke mwingine lirutubishwe maabarani kwa mbegu za mume wangu, kisha lipandikizwe kwangu. Au tuasili mtoto. Ziko nchi ambako kiini cha yai la mama huhamishiwa kwenye yai la mwingine, lakini si kwetu.

"Ila yai lisitoke kwa ndugu yako wa tumbo moja," akaongeza. "Naye anaweza kuwa na ugonjwa huu."

Nilimwomba aniandikie. Karatasi nikaitia kwenye mkoba.

Wakwe walikuwa na dawa yao ya siku zote: ng'ombe wa mahari wameshaliwa, basi mdogo mtu aje azae badala ya dada. Jumapili moja walimleta mdogo wangu wa tumbo moja nyumbani kwangu Chang'ombe, amevaa gauni jipya. Nilidhani atalia.

"Dada, usijali," akasema. "Tumbo langu mimi halina mkosi."

Mume wangu alitazama sakafu akitabasamu.

Mkoba ulikuwa mapajani. Kufungua zipu tu. Nikajiambia nitafungua mdogo wangu akiniomba radhi, naye hakuniomba. Nikatumwa chai. Nikamtilia mdogo wangu sukari vijiko vitatu, kama anavyopenda. Hasira hasara, tulifundishwa shuleni; mimi siku ile niliona raha, sitasema uongo.

Leo yeye ndiye mwenye chumba kikubwa. Mimi naenda kazini Mtumba, narudi, na mtoto wao wa mwaka na nusu hunikimbilia mlangoni kabla ya mama yake. Nampenda hadi naumwa.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinifuata jikoni akiwa amembeba.

"Shikamoo dada. Hebu mtazame, mbona kope zinalegea?"

Nilimpokea, nikampakata. Karatasi bado ilikuwa kwenye mkoba.

"Ana usingizi tu," nikasema.