Nahodha wa Angani Aliyesema kwa Sauti ya Baba

Enzi zetu filamu ya Kirusi haikuhitaji maandishi chini ya kioo, ilimhitaji baba. Baada ya ubaguzi wa rangi kukomeshwa kwao, alirudi kutoka uhamishoni, akatua mtaa wa Jeppestown na mke Mtanzania, mimi, shahada ya uhandisi ya Kirusi ambayo hakuna mwajiri aliyeweza kuisoma, na boksi la kaseti za filamu za safari za angani, zilizotengenezwa Usovieti ikiwa mahututi.

Kila Jumapili, majirani Wakongo na Warundi walijaa sebuleni, mama akikaanga vitumbua, baba akisimama kando ya televisheni kutafsiri. Vyombo vya angani vilikuwa na kutu kama mabati ya karakana za mtaani kwetu, kwa hiyo tuliamini kila kitu.

Filamu aliyoirudia zaidi ilihusu wanaanga waliokwama kwenye sayari ya vumbi. Mwishoni nahodha alisimama dirishani, akasema maneno mengi huku akilia. Baba alifupisha: "Anasema tuvumilie. Hapa patakuwa pazuri."

"Analia hivyo, kumbe anafurahi?" aliuliza Papa Dodo, fundi viatu Mkongo.

"Ni furaha ya kisayansi."

Watu walicheka, isipokuwa mama. Sanduku lake la safari lilikuwa bado halijafunguliwa. Kila baba aliporudi bila kazi, mama alimwambia, "Baba Themba, nikichoka, namchukua mtoto narudi Morogoro." Jumapili ikifika, nahodha alivumilia tena.

Nilipofika chuo kikuu, Braamfontein, niliandika insha nzito kuhusu falsafa ya uvumilivu katika sinema ya Kisovieti. Mhadhiri aliniita pembeni, akauliza: "Umetazama filamu ipi?" Akanionyesha nakala yenye tafsiri. Nahodha alikuwa akisema: "Nimewakosea. Turudini nyumbani."

Nilimkimbilia mama na ugunduzi wangu, kifua mbele kama profesa. Aliendelea kuchambua mchele.

"Nilijua tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nani hulia vile kwa kuvumilia? Ila baba yako hajui kubembeleza. Akamtuma Mrusi."

Sanduku lilikuwa chumbani, limejaa mablanketi ya baridi.

Siku hizi wanangu hutazama sayari zao kwenye simu, tafsiri ikipita chini bila kosa hata moja. Juzi nilisimama kando yao, nikakohoa, nikaanza kutafsiri.

"Eish, baba, unatuzibia!"

Nikaketi. Nahodha wao alifika nyumbani salama, na hakuna aliyembembeleza mtu abaki.