Siku Shosho Alipompigia Makofi Mpinzani Wangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya upepo hapa Nakuru, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba mwenye raketi ya kuazima na kiburi kisichoazimwa. Leo watu hunijua kama mama aliyecheza tenisi ya kulipwa, akalala katika miji ambayo hata majina yake yalimshinda kutamka. Siku hiyo sikuwa na jina. Nilikuwa Nyambura wa Subukia, nimefika fainali ya vijana, na atakayeshinda angechukuliwa kwenda kambi ya mazoezi Nairobi. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Shosho, mama wa mama yangu, ndiye aliyenisindikiza. Hakuwa ameona tenisi maishani mwake. Alikuja na chai kwenye thamosi, mahindi ya kuchemsha na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akaketi mbele kabisa. Nilipokuwa nikipasha mwili moto aliniita akaninong'oneza, "Mbona mnaufukuza huo mpira hivyo? Umewakosea nini?"

Mpinzani wangu aliitwa Akinyi, binti wa Naivasha. Mama yake alikuwa kazini kwenye mashamba ya maua, kwa hiyo alikuja peke yake, akiwa na mfuko mmoja begani. Nilipomwona yuko peke yake nilifurahi. Nilidhani asiye na wa kumshangilia ameshindwa nusu.

Tukaanza. Akinyi akanikimbiza kushoto, kulia, mbele, nyuma, kisha akaudondosha mpira polepole karibu na neti, mahali nisipoweza kuufikia hata kwa maombi. Hapo nikasikia vigelegele. Nikageuka. Alikuwa Shosho wangu, amesimama, anampigia makofi Akinyi!

"Mathe, tafadhali," mwamuzi akamwambia, "ngoja kwanza mpira uishe."

"Pole, boss," akajibu. "Lakini si ameupiga vizuri?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilinuna mpaka masikio yakawaka. Tulipobadilishana pande nikamwendea. "Shosho, umekuja kunishangilia mimi ama yeye?"

Alinitazama bila haraka, akiendelea kutafuna hindi lake. "Hiyo uso umetoa wapi? Mimi nimekuja kuona mchezo. Ukipiga vizuri nitakupigia makofi. Akipiga vizuri nitampigia, yeye pia ni mtoto wa mtu. Na nikwambie, Nyambura, mtu wa kukushinda ni mtu wa kukufunza. Ukimnunia, karo umelipa na darasani hukuingia."

Wahenga walisema hasira hasara, nami hasara hiyo ilikuwa imenigharimu seti nzima ya kwanza. Nikarudi uwanjani. Si kwamba niligeuka malaika, la. Ila nilianza kumtazama Akinyi badala ya kumchukia, na ukimtazama mtu vizuri unaona mengi. Nikaona jinsi alivyosogeza miguu kabla ya kuudondosha mpira, nikaanza kuuwahi. Nikacheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza, nikachukua seti ya pili, Shosho akapiga vigelegele vyangu. Kisha Akinyi akanishinda seti ya tatu. Nafasi ya Nairobi ikawa yake.

Nililia, usifikiri sikulia. Shosho aliniacha nilie kidogo, halafu akamwita yule msichana. "Wewe wa Naivasha, kuja unywe chai. Mtu hashindi na njaa."

Tukaketi watatu kwenye nyasi. Mwanzoni nilikuwa natazama viatu vyangu tu. Akinyi akamega hindi, akasema, "Nikwambie kitu na usikasirike? Kila ukitaka kupiga upande wa kushoto unauma mdomo. Nilikuwa najua kabla hujapiga."

"Unaniambia kwa nini?"

"Kwa sababu nataka siku ingine unishinde ukiwa umefunga mdomo," akasema, akacheka. Nami, nisijue kicheko kimetoka wapi, nikacheka pia, chai ikanipalia, Shosho akanipiga mgongoni huku akimshukuru Mungu.

Wiki chache baadaye ujumbe wa kuniita Nairobi ulifika Subukia. Kule kambini kocha alitaka wasichana wa kucheza wawili wawili, akamuuliza Akinyi kama anamjua yeyote. Alijibu, "Kuna mmoja wa Nakuru. Amewacha kuuma mdomo." Hata hakuwa na hakika kama nimeacha!

Hivyo ndivyo safari yangu ilivyoanza. Tulicheza pamoja miaka mingi, tukafua soksi kwenye sinki za hoteli, tukashindwa zaidi ya tulivyoshinda. Wakati mmoja, ugenini, baridi ikiuma na bega likiniuma zaidi, nilimwambia nataka kuacha na kurudi nyumbani. Akasema, "Sawa, rudi. Lakini mimi nitacheza na nani, na ukuta?" Nikabaki. Mwaka uliofuata tukashinda kombe letu la kwanza, na tulipompigia Shosho simu hakuuliza kombe ni kubwa kiasi gani. Aliuliza, "Na wale mliowashinda, mmewasalimia?"

Shosho amelala sasa, Subukia, karibu na migomba yake. Akinyi yuko hai na mdomo wake haujapungua makali.

Basi sikiliza, mwanangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Piga mpira wako kwa nguvu zako zote, taka kushinda, usione haya kutaka. Lakini mtu aliye ng'ambo ya neti usimfanye adui. Mtazame, msifu akistahili, kisha uketi naye ule naye. Huenda yeye ndiye atakayelitaja jina lako mahali ambapo wewe mwenyewe hujafika.

Mungu akupe miguu myepesi na moyo mwepesi zaidi. Akupe wapinzani wakali na marafiki wa kweli, na akikupenda sana, wawe ni watu walewale.